Gome la Kwinini na Uchachu wa Ukwaju

Ukwaju wajulikana na kila mtu katika nchi hii ya Katavi. Watoto huula njiani watokapo shule, akina mama huutia katika uji wa mgonjwa, na wazee wa Kibende husimulia habari za Katabi, pepo wa mababu, ambaye yasemekana makao yake ni mkwaju mmoja karibu na Ziwa Katavi. Kwake ndiko lilikotoka jina la mbuga na la mkoa wetu. Lakini wachache wajua ya kuwa uchachu wa tunda hilo uliwafundisha wataalamu wa Ulaya jambo kubwa, nalo ni hili: kitu kidogo kisichoonekana kwa jicho chaweza kutambuliwa na kitu kingine kidogo kama chenyewe, kama mkono utambuavyo mkono gizani. Na mwalimu wao wa pili katika elimu hiyo alikuwa gome la mti wa kwinini, mti ambao ulipandwa hata huku kwetu, katika milima ya Usambara. Twataka kuisimulia habari hii tangu mwanzo, kwa sababu haikuisha zamani, na kwa sababu nusu yake ni habari ya homa ya malaria, ambayo sisi wa Kakese hatuhitaji kuelezwa na mtu.

Kwanza yatupasa kusema uchachu ni nini. Siki, ndimu, maziwa yaliyoganda, ukwaju, na yale maji makali ambayo chungu waitwao maji moto humrushia mtu akiwagusa mtini, vyote vina asidi ndani yake. Asidi hizi ni jamaa moja, na wataalamu huziita asidi za kaboksili. Kila moja ina kichwa cha namna moja: atomi moja ya kaboni, mbili za oksijeni, na moja ya haidrojeni ambayo huachiliwa kwa urahisi. Haidrojeni hiyo ndiyo iukerayo ulimi. Kichwa ni kimoja, bali kiwiliwili hutofautiana. Asidi ya siki ina mwili mdogo, ya ndimu ina vichwa vitatu, na ya ukwaju ina viwili.

Waliozitenga asidi hizi moja moja walifanya kazi ya saburi. Mwingereza John Ray alizungumza habari ya asidi ya chungu karibu na mwaka 1670. Baada yake alikuja mwuza dawa mmoja wa Uswidi, jina lake Carl Wilhelm Scheele, ambaye katika mwaka 1769 aliipata asidi ya ukwaju, ila yeye aliitoa katika masimbi ya divai, maana zabibu nazo zinayo. Katika 1780 aliipata asidi ya maziwa, na katika 1784 ile ya ndimu.

Msomaji atauliza: Kuna haja gani ya kuzitambua moja moja, iwapo zote ni chachu? Haja ipo, na mfugaji aijua kuliko mwalimu. Kuko majani katika Afrika ya Kusini ambayo ng'ombe akiyala hufa. Katika miaka ya 1943 na 1944 mtaalamu Marais alionyesha sumu yake ni nini: ni asidi ya siki yenyewe, ila atomi moja ya haidrojeni katika mwili wake imeondolewa, na mahali pake imekaa atomi ya fluorini. Basi. Badiliko moja dogo, na chakula kimekuwa kifo. Mwili wa mnyama hupokea asidi ile ukidhani ni siki, huiingiza katika kazi yake ya kuchoma chakula, na kazi yote husimama. Mimea ya ukoo huo huo iko katika nchi yetu pia. Mbegu za mmoja wao kusini-mashariki mwa Tanzania zilipopimwa, zikaonekana kuwa na sumu hiyo kwa wingi sana. Ulimi hauwezi kutenganisha asidi hizi mbili, na hata tumbo la ng'ombe hudanganyika. Ndiyo sababu watu walitafuta mtambuzi aliye hodari kuliko ulimi.

Sasa tuuendee mti wa kwinini. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, na gome lake ni chungu mno. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitenga kwinini yenyewe katika gome hilo mjini Paris mwaka 1820. Tangu hapo msafiri wa Kizungu hakuthubutu kuingia bara bila kuichukua. Dakta Livingstone aliibiwa sanduku lake la dawa mwanzoni mwa mwaka 1867, na miaka iliyofuata alisafiri akiwa mgonjwa bila kinga. Alipofika Ujiji katika 1869 alikuwa amedhoofika kabisa. Upande huu wa ziwa, huko Karema, watu hukumbuka habari njema zaidi: Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni katika nchi za mto Niger, akakombolewa, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta, alifika Karema mwaka 1889 akawatibu watu wa pwani hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1956. Wengi walioijua dawa ya kizungu katika nchi hizi waliipokea katika mkono wa Mwafrika huyu.

Kwinini ilikuwa na ajabu nyingine ambayo haikuhusu homa. Katika mwaka 1845 Mwingereza John Herschel aliandika kwamba maji ya kwinini, ambayo ukiyatazama kwa kuyapenya ni meupe kama maji ya kisima, huonyesha utando wa rangi ya samawati pale juu yapigwapo na jua. Miaka saba baadaye, mwaka 1852, George Stokes wa Cambridge alilichunguza jambo hilo. Aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukajigawanya rangi zake kama upinde wa mvua. Kisha alichukua kichupa cha kwinini akakisogeza pole pole kutoka nyekundu kwenda urujuani. Hakikung'aa. Alipokivusha kupita mwisho wa urujuani, mahali ambapo jicho haliuoni mwanga wowote, kichupa kikawaka samawati. Kwinini ilikuwa yameza miali isiyoonekana, na kuitema tena kama mwanga unaoonekana. Stokes aliupa mng'ao huo jina la fluoresensi.

Mtu akitaka kuuona leo, aende Mpanda mjini kwenye duka lenye ile taa ya kukagulia noti za bandia, aombe kuweka chini yake chupa ya soda ya toniki iliyofunguliwa, maana soda hiyo hutiwa kwinini kidogo. Atauona mng'ao ule ule wa Stokes. Tena kuna jambo la kuangaliwa: kwinini hung'aa vizuri ikiwa katika maji yenye asidi ya salfa kidogo, na ukitia humo chumvi ya kawaida ya mboga, mng'ao hufifia. Yaani mwanga wake hutoa habari ya vitu vilivyomo majini pamoja nayo. Hapo tayari pana kipimo, lakini miaka mingi ilipita kabla watu hawajafikiri kukitumia hivyo.

Wakati ule ule wa Stokes, katika nchi ya Ufaransa, kwinini ilikuwa yafundisha somo la pili kwa mtu mwingine. Louis Pasteur alikuwa kijana wa miaka 25 alipotangaza, mwaka 1848, jambo alilolipata katika chumvi ya asidi ya zabibu, ambayo tulisema ndiyo ya ukwaju. Asidi hiyo ilikuwa na ndugu yake wa ajabu, sawa naye kwa kila kipimo cha mizani, ila tabia yao mbele ya mwanga ilitofautiana. Pasteur alizitazama fuwele za chumvi ya yule ndugu kwa darubini, akaona ni za namna mbili. Twaomba msomaji atazame mikono yake miwili. Vidole ni vitano na vitano, urefu ni mmoja, lakini huwezi kuuweka mkono wa kuume juu ya mkono wa kushoto vikalingana. Mmoja ni kivuli cha mwingine katika kioo. Fuwele zile zilikuwa hivyo. Akazichambua moja moja kwa koleo ndogo, kama mke achambuavyo mchele, za kuume huku na za kushoto huku.

Kazi ya koleo haikuweza kuendelea daima, maana chumvi chache tu hufanya fuwele za kuchambulika. Basi katika 1853 Pasteur alijaribu njia nyingine. Alichukua kwinini na dada yake sinkonini, akazigeuza kwa moto, akazichanganya na asidi ile iliyochanganyika ya kuume na ya kushoto. Hapo gome la mti likafanya kazi ya koleo: asidi ya mkono mmoja iliganda pamoja nalo ikashuka chini, na ya mkono mwingine ikabaki majini. Sababu ni rahisi kwa watu wapeanao mikono kila asubuhi. Mkono wa kuume ukishika wa kuume, salamu hukaa vizuri. Ukishika wa kushoto, vidole hupishana. Molekuli ya kwinini nayo ina mkono, hivyo hazishiki sawasawa zote mbili.

Msidhani ya kuwa tofauti hii ya mikono ni mchezo wa wasomi. Ile dawa ya maumivu iitwayo brufeni ni asidi ya kaboksili, na katika mikono yake miwili, mmoja tu ndio utulizao maumivu.

Kwa hiyo, kufika mwaka 1853, mti mmoja ulikuwa umeonyesha vipaji viwili: hung'aa, na hushika asidi kwa kuchagua. Twaona ajabu kwamba vipaji hivyo vilikaa katika vitabu mbali mbali zaidi ya miaka mia. Aliyesoma habari za mwanga hakuuliza habari za chumvi za Pasteur, na waliobaki walitaka kwinini kwa ajili ya homa tu.

Na homa ndiyo iliyouleta mti huo kwetu. Katika mwaka 1902 serikali ya Wadachi ilianzisha chuo cha elimu ya mimea na kilimo huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, na miongoni mwa miti ya nchi za mbali iliyopandwa huko ulikuwamo mti wa kwinini. Vita ya 1914 ilipozuka, manowari za Waingereza zilifunga pwani, dawa kutoka Ulaya ikakoma. Ndipo Amani ikaanza kutengeneza vidonge vya kwinini kwa magome ya Usambara. Waingereza walipoiteka Amani mwaka 1916 na jeshi la Lettow-Vorbeck likakimbilia kusini, askari walichemsha magome waliyokuwa nayo wakayanywa maji yake, ladha mbaya kupita kiasi, wakaupa mchuzi huo jina la jemadari wao kama kwamba ni pombe. Vitabu vya vita hiyo vimejaa majina ya majemadari. Wapagazi waliochukua mizigo ya pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi, na majina yao hayakuandikwa.

Vita ya pili ilikuja na taabu ya namna hiyo hiyo. Kisiwa cha Java kilikuwa kikitoa sehemu zaidi ya tisa katika kumi za kwinini ya dunia, na Wajapani walikiteka mwaka 1942. Magome ya Afrika ya Mashariki na ya Kivu katika Kongo yakawa mali kuu. Huko Marekani vijana wawili wa Harvard, Woodward na Doering, walijaribu kuifikia kwinini kwa kuanzia kazini kwao, bila gome. Katika 1944 walitangaza kwamba wameifikia hatua ambayo kuanzia hapo njia ilikuwa imekwisha kuelezwa na Mdachi Rabe mwaka 1918. Kazi yao haikumponya mgonjwa hata mmoja wa vita ile, kwa kuwa kiasi chake kilikuwa kidogo mno. Sisi tunaitaja kwa sababu nyingine. Kitu walichokipata kilikuwa mchanganyiko wa mikono miwili, nao walihitaji mmoja tu. Wakautenga kwa kutumia asidi iliyotengenezwa kutokana na asidi ya ukwaju. Pasteur alikuwa ameigawanya asidi kwa mti, na miaka 91 baadaye hawa waliigawanya dawa ya mti kwa asidi. Deni likalipwa.

Tangu hapo watu walianza kutaka kutengeneza washikaji wao wenyewe, wasingoje yale ambayo mti umejaliwa kuwa nayo. Mdachi Emil Fischer alikuwa amesema tangu 1894 kwamba vitu vya mwilini hutambuana kama kufuli na ufunguo. Charles Pedersen, aliyezaliwa Korea akafanya kazi Marekani, alitangaza mwaka 1967 molekuli zenye umbo la pete, zilizoshika chembe za chumvi katikati yake. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987 pamoja na Cram na Lehn. Hizo ndizo tunazoziita vipokezi. Mwaka 1990 Andrew Hamilton na wenzake, Marekani, walitengeneza kipokezi chenye mikono miwili, kila mkono ukiwa na sehemu ya kushika kichwa kimoja cha asidi ya kaboksili kwa vifungo viwili vya haidrojeni, na kati ya mikono nafasi iliyopimwa. Asidi yenye vichwa viwili, iliyo fupi kupita kiasi au ndefu kupita kiasi, haikukaa, iliyolingana ilikaa. Mmoja wa wenzake, Goswami, mwenyeji wa Bengal katika Uhindi, alirudi kwao akaendelea na kazi hiyo, akiunganisha vipokezi vya asidi na vipande ving'aavyo.

Walikuta shida mbili. Ya kwanza ni maji. Kipokezi cha vifungo vya haidrojeni hufanya kazi vizuri katika klorofomu, lakini kikitiwa majini hushindwa, kwa maana maji yenyewe hushika kila mkono upitao. Mgeni akifika hukuta mikono imejaa. Na damu, maziwa na mchuzi wa ukwaju vyote ni maji. Ya pili ni kwamba kushika si kusema. Kufuli imefungwa, lakini aliye nje atajuaje?

Shida ya pili ilipata jibu zuri kwa A. Prasanna de Silva, mtu wa Sri Lanka aliyefundisha Belfast. Alipanga molekuli katika sehemu tatu: kipande king'aacho, kiungo kifupi, na kipokezi. Kipokezi kikiwa kitupu, elektroni zake huruka kwenda kwenye kipande king'aacho na kuuzima mwanga, kama mtu asimamaye amefunika taa kwa viganja. Mgeni akifika, viganja hushughulika kumpokea, na taa huonekana. Vipimo vya chumvi za damu vilivyotokana na kanuni hii vimetumika hospitalini.

Shida ya maji ilijibiwa kwa njia zaidi ya moja. Katika Texas, mwaka 1998, Metzger na Anslyn walitengeneza kipokezi cha mikono mitatu kwa ajili ya asidi ya ndimu yenye vichwa vitatu, mikono ikiwa na umeme wa kuvuta hata majini. Ndani yake walikalisha rangi ing'aayo. Asidi ya ndimu ilipoingia iliisukuma rangi nje, mng'ao ukabadilika, nao wakapima asidi hiyo katika vinywaji vya dukani. Na mwaka 2004, katika mji wa Bath nchini Uingereza, Zhao na James walitumia atomi mbili za boroni, ambazo hushikana imara na asidi kama ya ukwaju hata katika maji yaliyochanganywa na spiriti, wakaziweka katika mwili uliopindika, wenye mkono wake wenyewe. Walipotia asidi ya ukwaju ya mkono mmoja, mng'ao ulikuwa tofauti na ule wa mkono wa pili. Ile kazi ambayo Pasteur aliifanya kwa koleo, sasa ilisomwa kwa mwanga. Vipaji viwili vya mti wa kwinini vilikuwa vimekutanishwa katika molekuli moja, kwa kusudi.

Na kwinini yenyewe? Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali, katika nchi tisa za Afrika. Mahali pamoja palikuwa Muheza, wilaya ile ile iliyo na Amani. Katika waliopewa kwinini walikufa 10.9 kwa mia. Katika waliopewa sindano ya atesuneti walikufa 8.5 kwa mia. Mwaka uliofuata Shirika la Afya la Dunia liliagiza kwamba watoto wa Afrika wenye malaria kali wapewe atesuneti. Hivyo dawa iliyoliondoa gome la kwinini kitandani mwa mtoto mgonjwa ni asidi ya kaboksili. Ni kwa ajili ya kichwa chake hicho ndipo unga wake huyeyuka ukitiwa maji ya bikaboneti, mwuguzi akapata kuuchoma.

Lakini dawa njema huleta waigaji. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba katika vidonge 104 vya atesuneti vilivyonunuliwa madukani katika nchi tano za Asia ya kusini-mashariki, 38 kwa mia havikuwa na dawa ndani hata kidogo. Pakiti ilikuwa nzuri, uchungu ulikuwapo, mgonjwa aliumeza. Wakati huo Mmarekani mmoja, Michael Green, alikwisha kuonyesha kipimo kisichohitaji umeme wala mashine: kipande cha kidonge, maji makali kidogo, na rangi fulani ya unga. Kidonge chenye dawa huyageuza maji kuwa manjano. Vipokezi ving'aavyo vya Bath na Texas ni vya werevu kuliko hicho mara nyingi, navyo vingali katika vyumba vya wataalamu; cha Green ndicho kiwezacho kubebwa mfukoni mpaka zahanati ya kijiji.